Ukuta Mkavu Ndio Joto la Nyumba

Mvua za masika, zinyeshazo Rwanda tangu Machi hadi Mei, huleta baridi kali katika nyumba nyingi za vilimani, Kagarama ya jijini Kigali ikiwamo. Baba atokaye zamu ya usiku hukuta watoto wamejikunyata, na kuvu nyeusi imetanda ukutani. Wengine huamua kulala na jiko la makaa chumbani. Wasithubutu! Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa huua waliolala.

Adui ni maji. Tofali kavu lina vijitundu vilivyojaa hewa, nayo hewa iliyotulia huzuia joto lisitoroke. Maji yakishika nafasi hiyo, joto hukimbia, kwani maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana hata rukarakara, yaani tofali nene la udongo lisilochomwa, likilowa huwa baridi. Tena hulainika, na ukuta huweza kuwaangukia waliomo.

Kwanza, tafuta maji yanatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zake zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi, matone yakiwa upande wa chumbani, unyevu umetokana na pumzi na mvuke wa chakula: fungua madirisha kila siku, na nguo mbichi zianikwe nje. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yamo ndani ya ukuta.

Hapo shika jembe. Ondoa udongo uliorundikana ukutani, kisha chimba mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba. Hakikisha paa limejitokeza vya kutosha kuukinga ukuta. Usikimbilie kupaka saruji juu ya udongo uliolowa: hufungia maji ndani, kisha hupasuka na kubanduka. Ngoja ukuta ukauke, ndipo uukandike kwa udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa.

Anayejenga upya aanze na msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, na juu yake atandike nailoni nzito kabla ya tofali la kwanza, ili maji ya ardhini yasipande.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: kabla ya kuziba ufa, chimba mfereji.