Adabu ya Kupeleka Mbele Maneno ya Wengine

Katika lugha yetu, mtu asimuliaye jambo asilolishuhudia hutia neno "eti" au "ati". Neno hilo ni dogo, lakini lamwarifu msikilizaji ya kuwa maneno si ya msemaji, wala yeye hayadhamini. Kadhalika "kunukuu" ni neno litokalo katika Kiarabu, na asili yake ni kuhamisha kitu toka mahali hata mahali. Basi anukuuye ni mchukuzi, na mchukuzi huulizwa mzigo ni wa nani.

Siku hizi mzigo huo huchukuliwa kwa simu. Mtu hupokea ujumbe katika kundi la WhatsApp, huugusa kwa kidole, na mara umefika katika makundi mengine, wala "eti" haimo. Tangu mwaka 2018 ujumbe uliopelekwa mbele hutiwa alama, lakini alama hiyo haitaji jina la aliyeuandika. Mwaka 2019 ilizuiwa kuupeleka zaidi ya mahali patano kwa mara moja, maana huko India watu walikuwa wameuawa na umati kwa ajili ya uvumi wa wezi wa watoto. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawekewa mpaka wa mahali pamoja tu kwa mara moja. Mipaka hiyo yapunguza mbio, adabu haifundishi.

Washairi wa pwani walijua kulinda maneno yao. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alitaja mwishoni nasaba yake na mwaka wa kutunga. Leo mtu hukata beti za mwisho za shairi la mwenziwe, akalibandika kana kwamba ni lake. Wako wasemao kwamba kilichowekwa hadharani ni cha wote, mimi sikubali. Kilichoandikwa katika ukurasa wa wazi, kama wa Facebook, na kipelekwe kwa kitufe chake, ili jina la mwenyewe lisipotee. Kilichosemwa ndani ya kundi kisitolewe nje ila kwa ruhusa, hata kama ni cha kuchekesha. (Cha kuchekesha ndicho kiletacho ugomvi zaidi.)

Lakini jambo lililo zito kupita yote ni habari za msiba. Desturi yetu ni kwamba mama hatupiwi habari ya kifo cha mwanawe. Hutumwa wazee, hufika, huketi, huamkia, huanza kwa mbali, nao majirani wamekwisha kuambiwa wakae karibu. Sasa yatukia mtu aone picha ya ajali barabarani, aipeleke katika kundi la usharika akidhani atenda wema, na binti wa marehemu aliye katika bweni la shule aisome peke yake usiku. Wazee waliokuwa njiani wafika wakuta ameshajua. Kwa hiyo yafaa kungoja mpaka wafiwa wenyewe watoe tanzia, ndipo ipelekwe ile ile yao, pasipo kuongeza neno, pamoja na siku na mahali pa maziko. Picha ya maiti isipelekwe kabisa.

Sisi waalimu twakutana pia na tangazo la mtoto aliyepotea. Hilo hupelekwa kwa haraka, na ni haki. Ila mara nyingi halina tarehe. Mtoto huonekana jioni ile ile, lakini miezi baadaye picha yake ingali ikizunguka, na simu ya baba yake ingali ikilia. Basi kabla ya kulipeleka, mpigie aliyetajwa ukaulize kama mtoto bado hajaonekana, kisha uandike juu yake siku uliyoulizia. Naye akiisha kuonekana, rudi katika makundi yale yale uliyoyapelekea, useme amepatikana.