TUMBO KUBWA NA UGONJWA WA SUKARI

Hapa Butembo mtu akianza kuota tumbo, jirani wanasema: «Huyu iko na makuta.» Yule anayekonda ndiye wanamuulizia kama ni mgonjwa. Sisi hatuchekeshi mtu, lakini tumeona vema tueleze namna tumbo hilo linavyoweza kuleta ugonjwa wa sukari.

Wengi wanafikiri unatoka katika sukari ya chai tu. Basi mzee anaacha sukari, lakini fufu ni ileile, kasikisi ni ileile, na tumbo linabaki. Kumbe fufu, ndizi, wali na mkate, vyote vinageuka sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ni chakula cha misuli, lakini haiingii vizuri pasipo insulini, inayotengenezwa na pankreasi, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo.

Chakula kinachozidi mwili unakiweka akiba kama mafuta. Fikirini mfanyabiashara mwenye depo. Depo ya mwili iko chini ya ngozi, kwenye mapaja na matako; huko mafuta hayasumbui sana. Lakini depo ikijaa, na mizigo ingali inakuja, anaweka magunia katika kolidori, katika chumba cha kulala, mpaka watu wanakosa pa kupita. Vivyo hivyo mafuta yanaingia katikati ya matumbo, katika ini, katika misuli, hata ndani ya pankreasi yenyewe. Misuli haisikii tena insulini. Ini, lililopasa kunyamaza tukiisha kula, linazidi kumwaga sukari yake katika damu. Pankreasi inaongeza insulini, inaongeza tena, miaka na miaka, halafu inachoka. Ndipo sukari inapanda. Mganga akipima asubuhi, mtu hajala, akikuta miligramu 126 kwa desilita ao zaidi, akirudilia siku ingine na kukuta vilevile, ugonjwa umekwisha kuingia.

Mtauliza: mbona wanene wengine ni wazima, na wembamba wengine wanaugua? Depo za watu hazilingani, tunazirithi kwa wazazi. Jirani zetu wa Uganda wana wagonjwa wengi ambao si wanene. Tena iko aina ingine inayokamata hasa watoto na vijana, ambamo mwili unaharibu wenyewe seli za insulini. Hiyo haitoki kwa mafuta, kwa hiyo mwenzetu anayejidunga shindano asiambiwe alikula sana.

Magunia yanaweza kutoka kolidori. Katika uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2017, wagonjwa wa miaka isiyozidi 6 walisaidiwa na waganga kupunguza uzito. Kisha mwaka 1, 46 kwa 100 walikuwa bila dawa na bila sukari ya ugonjwa. Kwa wale waliopunguza kilo 15 ao zaidi, 86 kwa 100. Lakini mtu asiache dawa kwa kichwa chake.

Kwetu, kusukuma chukudu na kupanda vilima kwa mguu kulikuwa kunamaliza mafuta. Sasa pikipiki inatubeba mpaka mlangoni. Kwa watu wa Beni si uvivu: tangu mauaji ya mwaka 2014 wengi walikosa njia ya kufika shambani.

Mwaka 2021, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa sukari katika Afrika walikuwa hawajijui. Mzazi anayeamka usiku mara nyingi kukojoa, mwenye kiu isiyokwisha, ao kidonda cha mguu kisichopona, mumupeleke apimwe. Wanatoboa kidole, tone moja la damu linatosha.