Namna gani wanahesabu vyura wa Itombwe

Jioni ya mvua mifereji ya mpunga hapa Luvungi inajaa kelele ya vyura mpaka mtu hasikii mwenzake. Sisi tunaziba masikio. Lakini kuko watu wanaotoka mbali, wanapanda ile milima tunayoiona upande wa magharibi, wanalala kwenye baridi, kusudi wasikilize kelele hiyo na kuiandika. Wengi wanauliza: wanatafuta nini? Kwetu chura haliwi.

Sababu ni hii. Milima ya Itombwe iko sawa kisiwa. Kinachoizunguka si maji, ni joto. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 775 juu ya bahari, na kilele cha Mohi kinapita mita 3400. Chura hana magamba. Anapumua hata kwa ngozi, na ngozi ikikauka anakufa. Basi chura aliyezoea ukungu wa kule juu atawezaje kushuka, kuvuka bonde letu la Ruzizi na jua lake, kisha kupanda tena Burundi? Anabaki palepale, na baada ya maelfu na maelfu ya miaka anakuwa aina yake mwenyewe. Ni vile vile kwenye visiwa vya kweli: Pemba, huko Tanzania, iko na mjusi wa kijani, Phelsuma parkeri, ambaye kwao ni Pemba tu.

Mwaka 1951 Mbelgiji Raymond Laurent aliandika habari za kachura kadogo ka Itombwe kanakong'aa kama shaba, akakaita Chrysobatrachus cupreonitens. (Usijaribu kutamka jina hilo ukiwa na wali mdomoni.) Kisha ikapita miaka karibu 60, hakuna mtaalamu aliyekaona tena. Labda kalikwisha? Hapana. Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro, pamoja na Mwamerika Eli Greenbaum, walikakuta. Habari ilitoka mwaka 2012, pamoja na aina zingine tatu zilizokuwa zimepotea. Na mwaka 2008 wataalamu wengine walikuwa wamempa jina chura wa makucha wa huko, Xenopus itombwensis.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Usiku wanatembea na taa kando ya mito na kufuata sauti, maana kila aina ina wimbo wake. Mchana wanapindua miti iliyooza na mawe, halafu wanayarudisha. Wanachimba mashimo, wanatia ndoo mpaka mdomo unalingana na udongo, na katikati wanasimamisha plastiki kama ukuta. Mjusi anaufuata ukuta na kutumbukia. Nyoka wanamshika kwa fimbo ya chuma yenye ndoano, si kwa mkono! Wanyama wengine wanatiwa katika alkoli, na kipande kidogo cha nyama kinawekwa mbali kwa kupima undugu wao. Kila mmoja anapewa namba, na katika daftari wanaandika pahali, kimo, saa na hali ya mvua.

Kwenye daftari njo sisi tulishindwa. Usiku mmoja tulienda kwenye mfereji, tukasikia sauti tatu mbalimbali, tukarudi na furaha nyingi. Mwalimu wa biolojia akauliza: ilikuwa saa ngapi? Mvua ilikuwa imekatika? Mlisimama wapi? Tukatazamana. Akasema, basi hamna kitu.

Si mchezo. Itombwe ilitangazwa hifadhi mwaka 2006, na mipaka ikapangwa mwaka 2016. Ndani yake kuko watu, mashamba, ng'ombe na machimbo ya zahabu. Hatusemi wafukuzwe, ni udongo wa wazee wao. Lakini chura wa bondeni mmoja, msitu wa pale ukikatwa, hana pahali pengine. Na wakati wa kupanga nani alime wapi, nani atasema bonde lile liachwe, kama hakuna aliyeandika kwamba chura yuko pale?

Mvua zikianza tutarudi kwenye mfereji. Mwenye saa ya mkono aje, na mwenye daftari lisilolowa.