Nta Iliyosalia Chunguni

Mgeni afikaye Tabora wakati wa kiangazi, pepo kavu zinapovuma mchana kutwa na vumbi jekundu kutanda juu ya miembe, hatambui ukali wa nchi ile kwa jua lake, bali kwa midomo inayochanika na visigino vinavyoota magaga. Naye aghalabu hukimbilia dukani kutafuta mafuta, ilhali dawa anayoihitaji imelala jikoni kwa mwenyeji wake, ndani ya chungu kilichokwisha kukamuliwa asali.

Asali ya misitu ya miombo ndiyo fahari ya Unyamwezi, na nta yake nayo ina historia yake. Katika zama za Wadachi na za Waingereza ilisafirishwa kwenda ng'ambo, kutoka nchi hii ya Unyanyembe ambako zamani misafara ya pwani iliagana, mmoja ukishika njia ya Ujiji na mwingine ukielekea Karagwe. Lakini majumbani mwetu masega yaliyokamuliwa hutupwa, na hiyo kwangu ni israfu.

Mwenye nyumba ayachukue masega hayo, ayachemshe kwa maji katika sufuria kuukuu, ayachuje kwa kitambaa, kisha ayaache hadi asubuhi, naye ataikuta nta imeganda juu ya maji, ya manjano na yenye harufu ya maua ya porini. Sehemu moja ya nta hiyo, kwa sehemu nne za mafuta ya alizeti au karanga yasiyowahi kukaangiwa, itiwe katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto, wala isiwekwe juu ya moto wenyewe, kwa kuwa nta hushika moto upesi. Ikisha kuyeyuka, imiminwe katika kijaluba kikavu kabisa, maana tone la maji ndilo linaloleta ukungu.

Hikma yake ni nyepesi. Nta haiongezi kitu ngozini, bali hulala juu yake mithili ya pazia, ikiuzuia unyevu wa mwili usipotee hewani. Na kwa kuwa huyeyuka penye nyuzi zipatazo 63 za Selsiasi, joto la Tabora haliwezi kuiyeyusha. Kadhalika maji ya kuoshea mchele, ambayo humwagwa kila siku, yana wanga unaotuliza ngozi inayowasha, sharti yatumike siku ile ile kabla hayajachacha.

Hata hivyo, si kila kilichomo jikoni ni rafiki wa mwili. Maji ya limau yakipakwa, kisha mtu akatoka juani, huunguza na kuacha mabaka. Dawa yoyote mpya ijaribiwe kwanza ndani ya mkono, ingojewe siku nzima. Na kidonda kipelekwe kwa tabibu.

Mkorogo wa kujichubua, ambao aghalabu huwa na zebaki au haidrokwinoni zilizopigwa marufuku katika vipodozi nchini, humwahidi mtu ngozi isiyo yake, kisha humwachia madhara. Nta haiahidi hivyo: humhifadhia mtu ngozi aliyojaaliwa na Mola wake. Basi mama akipaka visigino vya wanawe usiku kwa ncha ya kidole, kijaluba kimoja kitawafikisha hadi mvua za kwanza.