Vita vya Kasongo na Kabambare: Uhuru Uliotumika kama Silaha (Sehemu ya Nne)

Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, kila upande wa vita vya mashariki ya Kongo hujitangaza kuwa mkombozi wa raia, na madai hayo yanamrudisha msomaji wa mkoa wa Maniema kwenye vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, ambavyo chanzo chake kimekwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia.

Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1887 alimteua mfanyabiashara Tippu Tip kuwa liwali wa Maporomoko ya Stanley akijua vyema biashara yake ya watumwa na pembe, hakuwageuka wafanyabiashara hao kwa sababu ya kuwahurumia watumwa. Pembe za ndovu za Maniema zilikuwa zikienda Zanzibar, naye alizitaka zishuke Mto Kongo. Zaidi ya hayo, Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 ulimruhusu, kwa jina la kupiga vita utumwa, kutoza ushuru wa forodha ambao Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeukataza.

Kijeshi, hesabu ya vita ilitegemea watu. Nguvu ya Sefu, mwana wa Tippu Tip aliyeachiwa Kasongo, haikuwa Waarabu wachache bali Waungwana, yaani Waafrika waliofuata dini na desturi za pwani, pamoja na machifu wenye bunduki kama Ngongo Lutete wa Ngandu, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Baada ya kushindwa na Dhanis, kamanda wa majeshi ya Leopold, mwaka 1892, Ngongo Lutete alihamia upande wa Dola Huru ya Kongo, Sefu akadai arudishwe, akakataliwa, akavuka Mto Lomami kwa vita na kupigwa. Nyangwe ilitekwa Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu aliuawa vitani Oktoba, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Bila wapiganaji wa Ngongo Lutete msafara wa Dhanis usingefika Mto Lualaba, na malipo aliyopewa ni aibu isiyofutika: Septemba 1893 maofisa wa Dola hiyo hiyo walimshtaki kwa uhaini na kumpiga risasi huko Ngandu.

Rais Lincoln wa Marekani naye aliutumia uhuru kama silaha: Januari 1863 aliwatangazia uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi tu, akiwaondolea maadui wafanyakazi na kujipatia askari; lakini mwaka 1865 katiba ya Marekani ilipiga marufuku utumwa nchini kote. Huko Kongo, waliokombolewa waliingizwa katika Force Publique, jeshi la Dola, au wakatwishwa mizigo na kulazimishwa kugema mpira, kazi iliyotofautiana na utumwa kwa jina tu. Askari Watetela wa Force Publique waliasi huko Luluabourg mwaka 1895, wengine mwaka 1897, na mwaka 1898 waasi waliiteka Kabambare ile ile iliyodaiwa kukombolewa.

Vivyo hivyo leo, kundi lenye silaha linalowalazimisha wanavijiji kufanya salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, au kuwatumia watoto vitani, halina haki ya kujiita mkombozi, hata liseme nini redioni.

Ngongo Lutete na askari wake wanastahili somo kamili katika shule za Kasongo na Kabambare. Walimu wa huko na wayaandike masimulizi ya wazee wa Tongoni, mahali ilipokuwa Kasongo ya zamani, na ya koo za Watetela mapema, na kuyahifadhi shuleni ambako wanafunzi watayasoma.