Sura ya Tano: Ofisi Karibu, Madaraka Mbali

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaoagiza mzigo Guangzhou wanaifahamu Xiaobei. Wachache wanajua kuwa sehemu hiyo inasimamiwa na ofisi ya Dengfeng. Sheria ya China inamtaka mgeni aliyefikia nje ya hoteli ajiandikishe polisi ndani ya saa 24, na shughuli nyingi za wageni na wakazi huishia katika ngazi hii ya chini. Je, huo ni ugatuzi?

Tuanzie juu. Kuna Beijing, jimbo la Guangdong, jiji la Guangzhou, wilaya ya Yuexiu, kisha Dengfeng. Kisheria, ofisi ya Dengfeng ni mkono wa wilaya tu. Haina baraza lake la kuchaguliwa, na mkuu wake huteuliwa kutoka juu. Chini yake zipo kamati za wakazi, ambazo sheria ya 1989 inataka zichaguliwe, ila kazi zao nyingi ni za kuagizwa.

Hata hivyo, China haikung'ang'ania kila kitu. Mwaka 1979 Beijing iliiruhusu Guangdong kujiamulia mengi kuhusu biashara na uwekezaji; mwaka uliofuata zikaanzishwa kanda maalumu za uchumi Shenzhen, Zhuhai na Shantou. Viwanda vikaota, na bidhaa zake ndizo zilizowavuta Waafrika hadi Xiaobei. Leo zaidi ya asilimia 80 ya matumizi ya bajeti ya China hupitia serikali za ngazi za chini. Fedha na kazi vimeshuka. Uteuzi umebaki mikononi mwa chama tawala.

Kenya ilishika njia nyingine. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Zimehakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, fungu dogo likilinganishwa na la China, lakini gavana hupigiwa kura na wananchi. Tanzania imechanganya: mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa, mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais.

Kwa hiyo, ukiambiwa madaraka yameshushwa, uliza: nani anamweka kiongozi, nani anapanga fedha, na nani anaweza kumwondoa? Pale ambapo mwananchi hayumo katika jibu la swali la tatu, kilichoshushwa ni kazi tu.