Ajira za ualimu: Kipi kitangulie, moyo au ujuzi?

MWALIMU wa kujitolea si mgeni katika shule za vijijini, iwe Masasi chini ya milima ya mawe au Newala juu ya uwanda wa Makonde. Ni kijana aliyehitimu chuo, hana ajira ya Serikali, lakini kila asubuhi yumo darasani kwa posho ndogo itokanayo na michango ya wazazi, na pengine bila hata posho hiyo.

Swali ni hili: nafasi inapotangazwa, apewe yeye aliyekwisha kuonyesha moyo, au aliyepata alama nyingi katika usaili?

Suala hilo lilipata uzito mapema mwaka 2025, waombaji zaidi ya 200,000 walipowania nafasi 14,648 za ualimu. Wahitimu wasio na ajira walipinga utaratibu wa usaili, na bungeni imehojiwa mara kadhaa kwa nini wanaojitolea hawapewi kipaumbele.

Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 8 ya mwaka 2002 inataka ajira za umma zitolewe kwa sifa na kwa ushindani wa wazi. Sababu ya msimamo huo inaonekana katika historia ya elimu nchini.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote waliofikia umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo mwaka 1977. Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa njia ya posta na redio. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa utaratibu huo.

Wengi wao hawakukosa moyo, na bila wao madarasa mengi yasingefunguliwa. Hata hivyo, jina la 'mwalimu wa UPE' liligeuka kuwa kebehi, kwa kuwa walitakiwa kufundisha mambo ambayo wao wenyewe hawajayamudu.

Hali hiyo ilijirudia shule za sekondari za kata zilipoongezeka katikati ya miaka ya 2000. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya takriban mwezi mmoja, wakapelekwa darasani. Wananchi waliwaita 'Vodafasta', jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka.

Lakini ujuzi peke yake nao hautoshi. Newala iko juu, maji ya mvua huzama mbali ardhini, na kwa miongo mingi maji yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kutoka Mitema, katika bonde la Kitangali. Mwalimu mwenye alama nzuri asiyevumilia mazingira ya namna hiyo huomba uhamisho mapema, na darasa hubaki tupu. Aliyejitolea miaka miwili katika kijiji kile kile amekwisha kujibu swali ambalo hakuna msaili awezaye kulipima kwa karatasi.

Kwa hiyo kinachohitajika ni mpangilio. Ujuzi uwe kizingiti cha kwanza: mwombaji alijue somo lake na aweze kulifundisha. Kwa waliovuka kizingiti hicho, muda wa kujitolea uhesabiwe.

Kuutanguliza moyo kuna hatari nyingine. Barua ya kuthibitisha kuwa mtu amejitolea inaweza kugeuka bidhaa ya kununuliwa. Aidha, kijana asiye na mtu wa kumlisha hawezi kufanya kazi mwaka mzima bila mshahara, hata kama anaipenda kazi hiyo kuliko wenzake. Kujitolea nako si mara zote dalili ya mapenzi. Wapo wanaojitolea kwa kukosa la kufanya.

Mwenye moyo aliyepungukiwa ujuzi naye asitupwe. Newala kuna Chuo cha Ualimu Kitangali. Kumwongezea maarifa mtu aliyekubali kuishi kijijini kunaweza kuwa rahisi kuliko kumlazimisha mjuzi apapende mahali asipopataka.

Mjadala umekuwa baina ya wahitimu na Serikali, kila upande ukitetea haki ya mwombaji. Mtoto wa darasa la tatu hamchagui mwalimu wake, na kosa la mwajiri hulipwa naye, aghalabu miaka mingi baadaye.